Kimya cha Chumba Namba Tisa

Neno la kwanza ambalo mwanamume yule alimwambia mwanamke yule lilikuwa "nyamaza." Si "habari yako," si "samahani dada," hapana. Nyamaza. Tena alilisema kwa kunong'ona, kidole mdomoni, katikati ya soko la jumla saa tano asubuhi, mahali ambapo watu mia tatu wanapiga kelele kwa wakati mmoja na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Watu wengine wana ujasiri wa ajabu.

Mwanamke alikuwa amerudisha ndoo. Alikuwa amevaa gauni la njano lenye mifuko miwili mikubwa, viatu vya chini na kitambaa cheupe kichwani, na alikuwa akimweleza muuza vyombo kwa mara ya tano kwamba mfuniko haukai.

"Unakaa, dada. Ubonyeze tu."

"Nimeubonyeza jana mpaka kidole kimevimba!"

"Nyamaza," ndipo akasikia pembeni yake.

Akageuka. Kijana mrefu, shati la bluu lililokunjwa mikono, hedifoni masikioni, mkononi fimbo yenye kitu cha manyoya kwenye ncha, kama paka aliyenyeshewa.

"Ninyamaze mimi? Soko la baba yako hili?"

"Dada, tafadhali. Ninarekodi soko."

"Sasa soko likinyamaza, utarekodi nini?"

Muuza vyombo akacheka. Kijana naye akajaribu kujizuia, akashindwa. Alivua hedifoni, akakiri kwamba hapo hana jibu. Alikuwa fundi wa sauti redioni, akasema. Walikuwa na mchezo wa kuigiza wenye soko ndani yake, na alihitaji kelele za watu wengi bila maneno ya mtu mmoja kusikika waziwazi. Sasa dakika sita nzima zilikuwa zimejaa mfuniko wa ndoo.

"Pole. Futa."

"Naona uchungu kuifuta. Lakini ili niitumie lazima niwe na ruhusa yako kwa simu. Ni utaratibu."

Utaratibu huo haupo. Aliutunga pale pale, na mwanamke alijua kwamba ameutunga, na namba akampa.

Ijumaa jioni mwanamke alikuwa anapiga pasi huku redio imewashwa, akasikia mtu anafoka ndani ya mchezo: "Nimeubonyeza jana mpaka kidole kimevimba!" Nusura aunguze blauzi. Simu ikaita.

"Umejisikia?"

"Wewe mtu una wazimu! Mama yangu anasikiliza mchezo huo!"

"Waambie nyumbani wewe sasa ni mwigizaji. Halafu kazi yako hasa ni nini, mwigizaji?"

"Niko hospitali. Napima masikio. Kama watu wanasikia au hawasikii."

Upande wa pili kukawa kimya. Mwanamke akaitazama simu akidhani mtandao umekatika.

Mtandao ulikuwa mzima. Nitasema sasa hivi kilichokuwa kimemkaba, kwa sababu sipendi kuficha vitu. Fundi alikuwa hasikii vizuri sikio la kushoto. Lilikuwa limeanza kufifia mwaka mmoja na nusu uliopita, kidogo kidogo, na hakuwa amemwambia mtu yeyote, si kazini, si nyumbani. Fundi wa sauti mwenye sikio moja ni habari ya kuchekesha mpaka iwe yako. Na sasa, katika wanawake wote wa mji mzima, amekwenda kumpenda yule anayelipwa mshahara kugundua jambo hilo hilo.

Mtu mwenye akili angekata simu. Yeye akauliza kama Jumapili ana nafasi.

Wakapendana. Sina haja ya kurefusha. Walitembea sana, walikula mahindi ya kuchoma, walipigiana simu asubuhi kuulizana kama wameamka, swali ambalo jibu lake linajulikana. Yeye alimwita mwanamke "daktari," na mwanamke kila mara alimsahihisha: "Mimi si daktari, ni mpimaji." Basi likabaki hilo, Mpimaji, na yeye akawa Fundi.

Siku moja Fundi alikwenda hospitali baada ya saa za kazi, kwenye chumba namba tisa, na vyombo vyake. Ndani ya chumba hicho kuna kijumba kidogo chenye dirisha la kioo, kuta nene, mlango mzito kama wa friji kubwa. Mgonjwa anakaa humo, dunia inafungiwa nje. Fundi akasema anataka kurekodi.

"Urekodi nini? Humo hamna kitu."

"Ndicho ninachokitaka. Kimya chake."

"Kwa hiyo redio wanakulipa kurekodi kimya."

"Unacheka. Sikiliza. Mwigizaji akikohoa katikati ya maneno, nakikata kile kikohozi. Pale nilipokata panabaki shimo, na msikilizaji analisikia. Lazima nilizibe kwa kimya cha chumba kile kile. Kimya cha jikoni ukikiweka sebuleni, mtu anashtuka, hata kama hajui kwa nini. Ninavyo sabini na kitu. Cha ngazi, cha darasa tupu, cha duka lililofungwa."

Mpimaji alimtazama mtu huyu anayekusanya vimya kama wengine wanavyokusanya vikombe, akahisi anampenda kupita kiasi, na alimwambia hivyo hivyo. "Nakupenda kupita kiasi, unajua?" Alikuwa upande wake wa kulia. Daima alikuwa upande wa kulia. Fundi alimzungusha kila walipotoka, hata pale ambapo kulia ndiko yalikopita magari. Mpimaji alidhani ni adabu za kwao. Kazini mwanamke huyu haponyokwi na kitu; nje ya kazi alikuwa mtu aliyependa, basi.

Mambo yaliharibika sebuleni kwa mama yake.

Mama alikuwa mkunga mstaafu, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kuzungumza wodini watoto wakiwa wamelala. Alimkaribisha Fundi kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, naye akakaa kiti cha pembeni. Pembeni kushoto. Fundi alikiona kile kiti na akatamani kuhama, lakini mgeni wa mara ya kwanza hahamihami. Shikamoo ilipita vizuri kwa sababu walikuwa wanatazamana. Kisha feni ikawashwa, na Fundi akageukia picha ukutani.

"Wazazi wako hawajambo, mwanangu?" mama aliuliza.

Fundi alitazama picha.

Mama akangoja. Mpimaji alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya glasi aliposikia mama yake anauliza tena, polepole, swali ambalo mama haulizi kwa mzaha: "Una nia gani na binti yangu?"

Fundi akaendelea kutazama picha ya mahafali ya binti, akitabasamu peke yake. Mama akafunga mdomo. Kwa saa nzima iliyobaki akawa mpole sana, akamkaribisha juisi mara mbili, na yeyote aliyelelewa na mama anajua upole wa namna hiyo maana yake nini.

Jioni simu ikaita, na safari hii haikuwa ya kuulizana kama wameamka.

"Mama amekusemesha mara mbili umemkalia kimya! Amekuuliza una nia gani na mimi, wewe unachekea ukuta!"

Maneno matatu tu yangetosha: sikio langu halisikii. Yalimfika kooni. Aliona sura ya Mpimaji ikigeuka kuwa sura ya kazini, ile ya huruma na karatasi. Akayameza.

"Haloo? Upo?"

"Nipo."

"Basi sema kitu."

"Sina la kusema."

"Huna la kusema? Mama yangu ni wa kudharauliwa na wewe huna la kusema? Haya. Asante." Simu ikakatwa.

Wakakaa wiki tatu bila kupigiana. Mpimaji alilia siku mbili za kwanza, halafu akanuna, halafu akaanza kujiambia kwamba hana habari naye. Aliiangalia simu yake kila baada ya robo saa ili ahakikishe kwamba hana habari naye.

Sasa, redio ya akina Fundi hupeleka mafundi wake wote kupimwa masikio kila mwaka. Mwaka uliotangulia Fundi alikuwa amesingizia safari. Mwaka huu hapakuwa na safari, na mpimaji mwenza wa mwanamke huyu alikuwa likizo ya uzazi. Alhamisi asubuhi mlango wa chumba namba tisa ukafunguliwa, akaingia fundi wa kwanza, akaingia wa pili, wa tatu akawa yeye, na shati lile lile la bluu.

"Karibu," alisema Mpimaji, kama kwa mtu yeyote. "Kaa ndani. Ukisikia mlio, hata mdogo namna gani, bonyeza kitufe. Usiposikia, usibonyeze."

"Sawa."

"Umeelewa?"

"Nimeelewa, daktari." Hakumsahihisha.

Mlango mzito ukafungwa. Sikio la kulia lilikuwa zima, zuri hata kuliko la wenzake wawili. Akahamia la kushoto. Mlio, taa ndogo ya kijani ikawaka mezani kwake. Mlio mdogo zaidi, taa. Mdogo zaidi, taa. Sikio la mtoto mchanga! Akapunguza hadi sauti ambayo hata yeye mwenyewe haisikii, na taa ikawaka.

Hapo mikono yake ikaacha kazi. Fundi hakuwa anasikia. Alikuwa anahesabu. Alijua milio huja baada ya muda gani, kwani maisha yake yote ni kukata na kupima sekunde, na alikuwa anabonyeza kwa mapigo.

Mpimaji akaondoa kidole kwenye mashine, akafumbata mikono mapajani, akangoja. Hakupiga kitu chochote. Ndani ya kioo, Fundi amekaa wima kama mwanafunzi hodari. Taa ikawaka. Ikazimika. Ikawaka tena. Mara nne.

Vyote vikamjia kwa mpigo: njiani, kulia daima, kiti cha mama, picha ya ukutani. Alimhurumia kwanza. Hasira zilikuja nyuma, mbio. Akafungua mlango.

"Umebonyeza mara nne na sijapiga kitu."

Fundi alivua hedifoni taratibu.

"Tangu lini?"

"Mwaka na nusu. Na ushee."

"Siku ile kwa mama?"

"Sikumsikia. Naapa, mpenzi, sikumsikia hata neno moja."

"Ukashindwa kuniambia? Mimi? Kazi yangu ni nini hapa, kuuza nyanya?"

"Ndiyo maana! Ningekuambia ungeanza kuniangalia hivyo unavyoniangalia sasa. Na kazini watanicheka mpaka getini. Fundi wa sauti kiziwi." Akamshika mkono. "Nakuomba kitu kimoja. Chora kwenye karatasi mstari ulionyooka, kama wa sikio la kulia, halafu nyamaza. Basi. Nyamaza tu."

Ilikuwa mara ya pili kumwambia neno hilo. Mara ya kwanza mwanamke alikuwa na jibu la kuchekesha watu.

"Siri yako nitaitunza," alisema. "Hata mama hatajua kutoka kwangu, hiyo ni kazi na nimeiapia. Lakini uongo siutii sahihi."

Akakaa mezani, akaandika: *Majibu hayaaminiki. Arudi kupimwa ndani ya siku kumi na nne.* Akagonga muhuri. Fundi akaichukua karatasi bila kumtazama, akatoka, na mlango hakuufunga.

Kimya cha safari hii hakikuwa kama kile cha wiki tatu. Kile kilikuwa cha watu waliogombana, kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Hiki kilikuwa na woga ndani yake. Usiku na mchana simu ya Mpimaji ilionyesha kwamba Fundi anaandika, anaandika, halafu haandiki. Naye aliandika "umekula?" akafuta. Akaandika "mjinga wewe" akafuta hilo pia, ingawa lilikuwa la kweli.

Kwa mama ndiko kulikomuumiza zaidi.

"Yule wako wa redio amepotelea wapi? Ndiyo maringo yenyewe hayo?"

"Mama, siyo maringo."

"Ni nini basi?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, mama." Na machozi yakamlengalenga, kwani ilimbidi akae pale asikie mwanamume anayempenda akiitwa mtovu wa adabu, na dawa anayo mdomoni.

Miaka thelathini na moja mama alizalisha wanawake wa kila aina, na kuna majina ya akina baba aliyoambiwa wodini ambayo atazikwa nayo. Aliijua namna ile ya kufunga mdomo. "Haya," alisema, akaokota kitambaa chake cha kufuma. Hakuuliza tena.

Siku ya tisa Fundi alipiga moyo konde, akaingia kwa mkuu wake wa kazi, mama mnene mwenye miwani ambaye redio nzima humwita Mama Ratiba. Alifunga mlango. Alisema yote akiwa amesimama, haraka, macho kwenye zulia.

Mama Ratiba akavua miwani. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kaa. Tunajua tangu mwaka jana."

"Mnajua?"

"Kila mchezo unaotoka mkononi kwako, upande wa kushoto unapiga makelele kama mnada. Unauongeza mpaka wewe uusikie. Ukishaenda nyumbani, wenzako wanaupunguza."

Fundi alikaa kama aliyemwagiwa maji. Mwaka mzima alikuwa akiwaficha, na mwaka mzima walikuwa wakimfichia. "Na mkaninyamazia?"

"Tulikuona unaogopa. Tukasema akiwa tayari atasema. Labda tulikosea, sijui. Mwaka ni mrefu." Akavaa miwani. "Nenda kapimwe vizuri, niletee karatasi ya kweli. Kuna vifaa siku hizi. Na waigizaji wanahitaji mtu wa kuwaongoza, na sikio lako lililobaki linawashinda wengi humu wenye mawili. Ila ukinidanganya tena, nitakufukuza mimi mwenyewe."

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, Mpimaji aliinua kichwa akamwona mlangoni. Shati jeupe safari hii, limepigwa pasi vibaya.

"Nimekuja kurudia."

"Ingia."

Hakuingia. "Nimetoka kwa mama."

"Mama gani?"

"Mama yako. Nimekaa kiti cha dirishani, yeye akawa kulia kwangu, nikamwambia azungumze upande huu. Nimemweleza. Nimemwomba radhi."

Mpimaji alishika ukingo wa meza. "Akasemaje?"

"Ameniuliza swali lile lile."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemjibu." Akaingia ndani ya kijumba cha kioo, akavaa hedifoni mwenyewe. "Pima kwanza. Nisije nikasema nawe umetia huruma kwenye mashine."

Akampima. La kulia, lile lile, zima. La kushoto, mlio ukapita na taa haikuwaka. Mwingine ukapita. Aliacha mapengo marefu kwa makusudi, mapana ya kutosha kumtega mtu yeyote, na Fundi alikaa humo, kidole gumba juu ya kitufe, akikiacha kimya kipite bila kukigusa. Taa iliwaka pale tu ilipostahili kuwaka, na ilibidi sauti ipandishwe sana. Mstari wa sikio la kushoto ulishuka kwenye karatasi. Mpimaji aliuchora ulivyo, kwa mkono uliotulia, huku roho inamuuma na huku anafurahi. Sijui watu hufanyaje hayo mawili kwa pamoja, lakini aliyafanya.

"Bado kipimo cha mwisho," alisema kwenye maikrofoni. "Cha maneno. Ukisikia naongea na ukaelewa ninachosema, bonyeza. Ugeukie ukuta, usinisome midomo."

Fundi akageuka.

Mpimaji akafunga upande wa kulia, akabakiza wa kushoto. Akashusha sauti mpaka chini kabisa. Akasogeza mdomo.

"Utanioa?"

Taa haikuwaka. Aliutazama mgongo wa shati lile baya. Akapandisha desibeli tano.

"Utanioa?"

Kimya. Akapandisha. "Utanioa?" Akapandisha tena, akauliza tena, na kila mara alihofu taa itawaka mapema, kwa kubahatisha, kwa kumfurahisha, na yote yawe yameanza upya. Haikuwaka. Thelathini. Thelathini na tano. Arobaini. Mgongo ulikuwa palepale, haukutikisika. Arobaini na tano, "Utanioa?" Hamsini.

"Utanioa?"

Hamsini na tano. Mgongo ulishtuka. Taa ya kijani ikawaka, na haikuzimika, kwa sababu aliyebonyeza alisahau kuondoa kidole.

Mpimaji akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi: sikio la kushoto, maneno, hamsini na tano. Akaweka sahihi yake chini. Ndipo akainua macho. Fundi alikuwa amegeuka, uso umelowa, amekaribia kioo.

"Rudia," alisema.

"Hukusikia?"

"Nimesikia. Rudia tu."